Kabla ya kufungua hedi, pima klampu

Ile kota ilinipata chini ya jicho la kulia. Sikuiona ikija. Nilisikia tu mlio mdogo, kama kijiko kimegonga sufuria, shavu likawaka moto, kisha kijana aliyekuwa ameshika nyundo akasema, "Fundi, unatoka damu." Tulikuwa Banissa, kaunti ya Mandera, chini ya mgunga uliokuwa na miiba mingi kuliko kivuli, na hedi ya Land Cruiser imelala mbele yetu juu ya magunia mawili.

Nimeulizwa mara nyingi kovu hili nililipata wapi. Leo nalieleza, kwa sababu kosa lilikuwa langu mimi wala si la yule kijana, na lilianza Mombasa siku niliyofunga mkoba wa vyombo. Nilibeba chombo cha kubania springi za valvu ambacho hakikuifaa injini niliyokuwa naifuata. Gerejini chombo hicho tunakiita klampu ya valvu. Bei yake haifiki ya mbuzi mmoja mnene, na bado mafundi wengi hawana. Wanategemea soketi, nyundo na bahati.

Kwa asiyekuwa fundi, nianze na kazi yake. Juu ya kila silinda kuna valvu za kuingiza hewa na za kutoa moshi. Valvu ina mti mrefu na kichwa bapa, kama uyoga. Kinachoirudisha ikafunga ni springi. Springi imekaliwa juu na kofia ya chuma, na kofia hiyo imeshikwa kwenye mti wa valvu na vipande viwili vidogo vya nusu mviringo vinavyokaa kwenye mfereji. Vipande hivyo ndivyo kota. Kimoja hakizidi ukucha wa kidole kidogo, lakini ndivyo vinavyozuia springi isiruke na valvu isidondokee ndani ya injini. Ukitaka kuvitoa, lazima kwanza uikandamize springi, kofia ishuke, kota zibaki huru, ndipo uziokote. Na springi ya gari la kawaida, hata valvu ikiwa imefunga, inasukuma kwa nguvu ya makumi ya kilo. Kadiri unavyoikandamiza ndivyo nguvu inavyopanda. Hiyo ndiyo nguvu iliyoirusha ile kota.

Mara nyingi kinachowafikisha watu huko ni moshi. Gari likitoa moshi wa buluu asubuhi unapoliwasha, kisha ukapungua, au likautoa baada ya kuteremka mlima bila kukanyaga mafuta, shuku sili za valvu: oili inapenya kwenye miti ya valvu na kushuka ndani. Moshi wa buluu usiokoma wakati gari linavuta mzigo, mara nyingi hiyo ni habari ya ringi za pistoni, na hapo klampu ya valvu haitakuponya. Wengine hufika kwa valvu iliyoungua. Na wengine ni mkanda wa taimingi.

Ya Banissa ilikuwa ya mkanda. Gari lilikuwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda sita, lita 4.2, injini utakayoikuta kaskazini kote kwa sababu inavumilia mafuta mabaya, joto na madereva. Mwenyewe ni mzee mfanyabiashara tuliyejuana alipokuwa akija Mombasa kununua bidhaa. Mchana gari lilibeba watu na mizigo kwenda Takaba na kurudi. Usiku ndilo majirani walilolikimbilia mama akishikwa na uchungu. Kamshafti ya injini hii inazungushwa na mkanda wa mpira wenye maisha yake, na dashibodini kuna taa ya kukumbusha muda wa kuubadilisha ukifika. Taa ile ilikuwa imeungua zamani. Meno ya mkanda yakang'oka njiani, kamshafti ikasimama, pistoni zikaendelea kupanda zikazikuta valvu ziko chini. Nne zikapinda.

Alinipigia simu. Nikamuuliza injini gani, akaniambia, nikajibu naijua. Valvu mpya, sili na gasketi zikaagizwa Nairobi. Mimi nikachukua klampu niliyoifanyia kazi miaka mingi kwenye malori, nikapanda basi: Garsen, Garissa, Wajir, Elwak, mpaka Takaba, kisha nyuma ya pikapu hadi Banissa. Zaidi ya kilomita 1,000, na vumbi mpaka kwenye meno.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Malori mengi tuliyozoea, valvu zake zinasukumwa na roka, na springi zimesimama wazi juu ya hedi kama vikombe mezani. Klampu yenye kiatu kipana inazikalia bila taabu. 1HZ haiko hivyo. Kamshafti iko juu ya valvu moja kwa moja, na kati yao kuna tapeti ya umbo la kikombe inayopanda na kushuka ndani ya kisima kilichokatwa laini kwenye hedi. Springi iko chini, ndani ya kisima hicho. Kiatu cha klampu yangu kilikuwa kipana kuliko kisima. Kikagota mdomoni, hakishuki.

Ningekuwa Mombasa ningevuka barabara nikaazima. Nairobi pale Kirinyaga Road ningekinunua kabla ya saa nne asubuhi. Lakini mpaka kipakiwe kwenye basi kifike kule ni siku, na yule mzee alikuwa amekaa kwenye dumu akinitazama. Fundi ameletwa kutoka Pwani yote, ataanzaje kusema chombo hakiingii? Nikafanya kile nilichowakataza vijana wangu siku zote. Kitambaa chini ya kichwa cha valvu, soketi juu ya kofia ya springi, nyundo. Ya kwanza ilitoka vizuri, kota zote mbili zikabaki ndani ya soketi. Ya pili vizuri pia. Nikajiona hodari, nikampa kijana nyundo, nami nikainama nishike soketi, uso juu yake kabisa, bila miwani. Ya tatu ndiyo hiyo.

Jicho lilinusurika. Kota ndiyo haikuonekana. 1HZ ina valvu 12, maana yake kota 24, na 23 hazitoshi. Hakichongwi kipande hicho kutoka kwenye msumari: kina mteremko wake wa kuingia kwenye kofia, kina ukucha wa kushika mfereji, na kimekaushwa kwa moto kiwandani. Ukibandika cha kubahatisha kikafyatuka injini ikiwa mbioni, valvu inaanguka juu ya pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Tulipepeta mchanga kwa mikono mpaka adhuhuri. Kisha yule kijana akaenda akarudi na spika ya redio mbovu, akatoa sumaku yake, akaifunga uzi, akawa anaiburuta mchangani mstari kwa mstari kama anayelima. Kila mara ilirudi na ndevu nyeusi za chembe za chuma, na misumari, na vizibo vya soda. Jua linakaribia kuzama ikarudi na kota. Ilikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa. Tangu siku hiyo nina sumaku ya spika kwenye mkoba, na sifungui valvu popote bila kutandika turubai.

Kesho yake, kitu nilichopaswa kukifanya jana yake: tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea. Nilichukua vipimo vitatu kwa kalipa. Upana wa kisima, upana wa kofia ya springi, na upana wa lile tundu la katikati ya kofia ambamo kota zimekaa. Kiatu kinatakiwa kiwe chembamba kuliko kisima, kibaki na nafasi pande zote. Mdomo wake ukalie kofia, usiteleze pembeni ukashika springi. Na ndani kiwe wazi kwa kiasi cha kota kupita. Tulikata kipande cha bomba la chuma lenye ukuta mnene, urefu wa kidole, tukakifungua dirisha mbavuni la kupitishia kibano na sumaku, tukakichomelea kwenye mguu wa klampu yangu. Kingo zote zikasuguliwa kwa tupa na msasa mpaka ukipitisha ukucha haukwami, halafu nikaizungushia tepu kwa nje. Usione ni urembo. Ukuta wa kisima ukikwaruzwa, tapeti inaweza kukwama, na tapeti ikikwama valvu inabaki wazi. Tungekuwa tumemtengenezea mzee ajali ya pili. Kwenye hedi za alumini, ambazo ni laini, mkwaruzo wa aina hiyo hutokea hata kwa mkono mwepesi.

Kwa hiyo ukienda dukani, usiulize klampu bora ni ipi. Nenda na vipimo vya hedi yako. Ile ya kawaida ina umbo la herufi C: ncha moja inakaa kwenye uso wa valvu upande wa silinda, ncha ya pili, yenye kiatu, inakaa kwenye kofia ya springi, na hedi iko katikati. Angalia kina cha C, yaani tumbo lake. Hedi pana yenye safu mbili za valvu inahitaji tumbo refu, la sivyo fremu itagonga ukingo wa hedi kabla hujafika safu ya ndani. Angalia pia mdomo unafunguka kiasi gani. Chukua seti yenye viatu kadhaa vya kubadilisha, maana leo ni Hilux, kesho ni Probox, na visima vyao havilingani. Dirisha la kiatu liwe pana. Ziko klampu za bei rahisi zenye dirisha ambalo kibano hakipiti. Unaikandamiza springi vizuri, kota unaziona, na huzifikii.

Kuna za skrubu na kuna za mkono wa kubofya. Ya mkono ni ya haraka, unabofya mara moja springi imeshuka, na kwa hedi 10 kwa wiki ningechukua hiyo. Kwa anayejifunza nasema skrubu. Unaizungusha robo kwa robo, unahisi springi inavyokuja, na ukiona kitu kimekaa upande unasimama. Kabla ya kulipa, ibane kwenye kipande cha mbao ngumu pale pale dukani. Ncha mbili zikikosana, au fremu ikijipinda kama mtu anayegeuka kitandani, irudishe rafuni. Fremu inayojipinda ndiyo inayoteleza kutoka kwenye kofia. Kuna na kile kibomba chenye sumaku ndani, unakigonga kwa nyundo na kota zinanasa humo. Ninacho. Kwa kutolea kinafaa, na ni salama kuliko soketi tupu, lakini kwa kurudishia bado nataka klampu.

Kwenye kutumia, jambo ambalo vijana hulisahau ni kuzilegeza kota kabla ya kubana. Injini iliyokaa miaka, kota na kofia zimeshikana kama zimegandishwa. Ukibana kwa nguvu zikiwa bado zimeshikana, klampu inapinda au zinaachia kwa mshindo. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya kichwa cha valvu, funika kwa juu na kitambaa kingine, halafu gonga kofia kidogo tu kwa soketi na nyundo ndogo. Kugonga huku ni kwa kuamsha. Kisha funga klampu, hakikisha ncha ya chini iko katikati ya kichwa cha valvu, bana mpaka kota zianze kucheza, na uishie hapo. Hakuna faida ya kuikandamiza springi hadi mwisho. Zitoe kwa sumaku, fungua skrubu polepole. Miwani machoni, uso pembeni. Miwani ya jua si miwani ya kazi.

Kila valvu na springi yake, kofia yake, kota zake, tapeti yake na kile kisahani cha kupimia nafasi. Vitu hivi vimezoeana. Banissa tulitumia trei tupu ya mayai kutoka hotelini, tukaandika namba kwa kalamu kuanzia upande wa mkanda. Mtoto wa mwenye hoteli alitaka kujua tunaatamia nini.

Valvu ikikataa kutoka kwenye njia yake, usiigonge. Angalia ncha ya mti, pale juu ya mfereji: mara nyingi imevimba ukingo kwa kupigwa na tapeti miaka yote. Ipige tupa kidogo, ndipo itapita bila kuchana njia. Springi nazo zisimamishe pamoja kwenye kioo au bati lililonyooka. Iliyofupi kuliko wenzake au iliyoinama, iache.

Wenye Probox mtaniuliza kama sili haziwezi kubadilishwa bila kuishusha hedi. Zinaweza. Injini yake nyingi ni 1NZ-FE, valvu 16, na zipo klampu za mkono zinazofungwa juu ya hedi ikiwa mahali pake. Shida ni kwamba ukitoa kota, hakuna kinachoizuia valvu isiangukie ndani. Wengine hujaza silinda upepo kupitia tundu la plagi. Njia hiyo nzuri, ila upepo unaweza kuisukuma pistoni na kuizungusha injini spana ikiwa mkononi mwako, kwa hiyo gia iingie na breki ivutwe. Na upepo ukikatika katikati ya kazi, valvu imekwenda. Mimi napenda kamba. Unaishusha pistoni, unaingiza kamba laini ya nailoni kwenye tundu la plagi, ncha moja ukiiacha nje, halafu unaizungusha injini kwa mkono mpaka pistoni iibane kamba juu dhidi ya valvu. Haihitaji kompresa wala umeme. Kwa 1HZ kamba haifai, kwa kuwa tundu la nozeli linaingia kwanza kwenye chumba kidogo cha kuwashia, si silindani moja kwa moja.

Injini ndogo za pampu za maji, zile za kuvuta kamba, hazihitaji chombo chochote. Springi zake unazikandamiza kwa vidole gumba na kofia ina tundu la kutelezeshea.

Tulizirudisha valvu siku mbili baadaye, baada ya kuzisaga kwa dawa mpaka kila moja ikaonyesha mstari wa kijivu mzima usiokatika. Miti ilipakwa oili. Mfereji wa kota una kingo kali zinazokata sili mpya, basi nilivisha kila ncha kipande cha mfuko wa nailoni ndipo sili ikapita. Kota hukaa vizuri ukizipaka girisi: zinanata kwenye ncha ya bisibisi ndogo, zinanata kwenye mti, zinakungojea uachie springi. Ukishaachia, gonga ncha ya valvu kwa mpini wa nyundo mara mbili tatu. Kota zikiwa sawa, zote mbili ziko kimo kimoja. Moja ikiwa juu ya mwenzake, bana tena.

Mashine ya kupimia hatukuwa nayo. Tuliipindua hedi, nyuso za valvu juu, tukazimwagia mafuta ya taa na kungoja huku tukinywa chai ya maziwa ya ngamia. Kisha tukachungulia kwa tochi kwenye njia za hewa na za moshi. Kumi na moja zilikuwa kavu. Moja ililia polepole. Tukaifungua tena, tukaisaga tena, ikakauka.

Gari liliwaka kwenye mzunguko wa tatu, na mkanda mpya. Mzee hakusema mengi. Aliniuliza kama naona vizuri kwa jicho lile, akamwambia kijana alete maji.

Nilimwachia yule kijana klampu yenye kiatu cha bomba. Amenipigia juzi. Ameshafungulia 1HZ nyingine mbili na Hilux moja, na sasa ameletewa Probox, visima vyake ni vyembamba, kiatu hakiingii. Nikamwambia achonge kingine, bomba jembamba zaidi. Akasema ameshalipata, mguu wa kitanda cha chuma. Nikamuuliza ukuta wake una unene gani. Simu ikakatika.